Tangawizi Isiyoliwa

Shangazi yangu alipokuja kututembelea hapa Dallas, siku ya pili tu aliamka kabla ya nyumba nzima, akajifunga kanga, akaingia jikoni kupika chai ya maziwa. Niliposhuka nilimkuta kashika kisu mkono wa kulia, na mkono wa kushoto kashika kitu cha kahawia kilichopindapinda, chenye vizizi vilivyokauka. Keshakimenya nusu. Maziwa yanafura.

"Tangawizi yenu ya huku haina hata harufu," akaniambia bila kugeuka.

Nilimpokonya kile kipande kama unavyompokonya mtoto wembe. Haikuwa tangawizi. Ilikuwa airisi, shina la ua la bustanini kwangu, moja ya vipande kumi na vinne nilivyotandaza juu ya gazeti kando ya dirisha vikauke kabla sijavirudisha ardhini. Airisi ukiila tumbo linakusokota na utatapika, na wapo watu ambao utomvu wake ukiwagusa tu ngozi inawawasha. Shangazi akanawa mikono mara tatu kwa sabuni, akavuta kiti, akakaa. Halafu akauliza lile ambalo baba watoto huniuliza kila mwaka: "Sasa mwanangu, kama hailiwi, unahangaika nayo ya nini?"

Asubuhi ile sikuwa na jibu fupi. Refu ninalo, nalo linaanza na mfuko wa plastiki wa dukani.

Tulihamia nyumba hii mwaka 2015. Cha kwanza tulichofanya ni kutafuta kibla. Kwetu Tanga kibla ni kaskazini, mtoto wa miaka mitano anakijua. Hapa ni kaskazini mashariki, na miezi ya mwanzo kila nikisimama kuswali nilihisi nimekaa upogo. Kibla chetu kinakata kona ya sebule, kinatoka nje, kinapita uwanjani mpaka kwenye kipande cha ardhi karibu na uzio ambacho wenyewe wa kwanza walikiacha kitupu. Hakina mti wala kivuli, jua linakipiga tangu asubuhi hadi alasiri. Nikakiangalia kile kipande nikasema hapa nitapanda asumini. Baridi ya Desemba ikaja ikaniua asumini zote mbili.

Nyumba ya pili anakaa bibi mmoja, Mmarekani Mweusi, wakati ule ana miaka sabini na kitu. Nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza, nikamweleza maana yake, akalipenda. Kabla hata ya zile asumini kufa, mwezi wa Oktoba, alinijia na mfuko wa dukani umejaa vitu vyenye udongo. Akasema mama yake alivichimba mahali walipozikwa watu wao, mashariki ya Texas, akavipanda nyumbani kwake, na yeye Bibi akavichimba kwa mama yake akavileta hapa. Jina la airisi hakulitaja kabisa. Wazee wa Kusini mwa Marekani maua haya wanayaita bendera. "Hizi ni bendera nyeupe," akasema, "hazitaki kitu."

Hazitaki kitu! Nani anamsikiliza mtu anayesema mmea hautaki kitu? Mie nimekulia kwa watu wanaochimba. Mnazi unachimbiwa, mgomba unachimbiwa, hata mpilipili wa kopo unatiwa samadi chini na juu. Nikachimba mashimo nane ya kina cha shibiri nzima, nikatia mbolea, nikatia kila kipande shimoni, nikafukia, nikakanyaga, nikatandaza matandazo ya magome ya miti unene wa vidole vinne, na mpira wa maji ukawa unanisubiri asubuhi na jioni. Nilivyovitunza vile vipande, wallahi, hata watoto wangu hawakuwahi kutunzwa hivyo.

Machi mwaka uliofuata kwa Bibi ilikuwa kama mtu ametandika mashuka uani. Kwangu yalitoka majani matatu ya manjano. Na harufu. Nilidhani paka kafia chini ya uzio.

Bibi akaja, akachutama kwa taabu, akasukuma matandazo, akafukua kwa kidole. Alifukua mpaka kidole kikaisha. Kile kipande kilikuwa uji, ukikibonyeza kinatoka maji meupe yanayonuka. Akainua uso akanitazama, si kwa hasira, kama mtu aliyeelewa msiba umetokeaje.

"Umezizika," akasema.

Hilo ndilo somo la kwanza, na kusema kweli ndilo karibu lote. Ile tangawizi ya airisi si mzizi, ni shina linalotambaa, na shina hili linataka jua la mgongoni. Mizizi ndiyo inayokwenda chini. Unatengeneza kilima kidogo cha udongo, unaiketisha airisi juu ya kilima kama mtu amepanda punda, mizizi inaning'inia huku na huku, unafukia mizizi, mgongo unauacha nje. Wakulima wa huku husema ikae kama bata majini: tumbo limezama, mgongo mkavu. Matandazo hapana. Mbolea ya ng'ombe hapana, hasa ikiwa mbichi, kwa sababu inanenepesha majani na kulainisha shina, na shina laini ndilo bakteria wa kuozesha wanalolitafuta. Maji mengi unayatia wiki za mwanzo ili mizizi ishike, baada ya hapo unaiachia mbingu. Julai na Agosti, joto likifika nyuzi 38 na zaidi, airisi inalala. Mtu akiamkia bustanini akaona majani yamelegea atakimbilia mpira. Na hapo, kwenye udongo wa moto uliolowa, ndipo inapooza.

Ninaandika haya kwa wepesi, lakini kuuzuia mkono wangu kulinichukua miaka miwili. Nilikuwa nikitoka nje na kikombe cha chai, naziangalia zimekaa kavu zimepasuka midomo, moyo unaniuma, narudi ndani. Baba watoto akawa ananitania kuwa nimeanza kufuga mawe.

Yeye ndiye aliyetatua tatizo la pili, na hata leo hajaacha kulitaja. Udongo wa Dallas ni mweusi, mzito, ukilowa unashika kiatu hauachii, ukikauka unapasuka nyufa unaweza kutia mkono. Mie niliuona kama laana. Yeye kwao ni Shinyanga. Aliuchukua kwenye kiganja siku ya kwanza akacheka peke yake: "Huu ni mbuga." Na kweli ni udongo wa ukoo mmoja, unaovimba na kusinyaa kwa namna moja, na pamba imelimwa sana juu ya huu wa hapa kama inavyolimwa juu ya ule wa kwao. "Sasa nyie watu wa nazi," akaniambia, "mbugani mtu hapandi chini. Unainua tuta." Jumamosi moja akanyanyua matuta manne marefu kama ya viazi vitamu, kimo cha goti la mtoto, akachanganya na changarawe ndogo. Airisi hazikuoza tena kwa wingi. Baadaye nikasikia wazee wa chama cha airisi nao wanashauri vitanda vilivyoinuliwa kwa udongo wa hapa. Sikumwambia baba watoto. Akasikia mwenyewe.

Zikioza moja mbili, kwa maana haziachi kabisa, dawa yangu ni kijiko cha chai cha zamani. Unafukua airisi yote, unakwangua sehemu laini kama unavyokwangua dafu, unakwangua mpaka kijiko kigonge penye ugumu, nyama nyeupe inayolia kru kru kama kiazi kibichi. Ukiacha hata punje ya ile laini umefanya kazi bure. Halafu unatia jiki, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, unaisuuza, unaiweka juani siku mbili tatu mpaka jeraha lifanye kigaga. Hicho ndicho Shangazi alichokikuta dirishani. Wala haikuwa na haja ya kumenywa, masikini, ilikuwa imeshakwanguliwa vya kutosha.

Mpaka hapo nilikuwa na aina moja tu, ile nyeupe. Ugonjwa wa kukusanya ulinishika Aprili 2017, nilipopitia maonyesho ya maua kwenye ukumbi wa kanisa. Nilikwenda kwa sababu Bibi hakuwa na wa kumwendesha. Meza ndefu zimefunikwa vitambaa vyeusi, kila chupa ina kikonyo kimoja, na kila kikonyo kina kadi yenye jina na mwaka, kama watu waliopiga picha ya pasipoti.

Niwaeleze walio mbali airisi yenye ndevu ikoje. Ina petali sita. Tatu zinasimama zimekutana vichwa kama watu wanaonong'ona, tatu zinaning'inia chini kama ndimi. Juu ya kila ulimi pana mstari wa manyoya, ndiyo hizo ndevu, mara nyingi za rangi ya chungwa au njano, na nyuki hufuata mstari huo kuingia ndani kama ndege inavyofuata taa za uwanja. Majani yanatoka bapa, yamepangana kama upepeo wa ukindu. Ua moja hukaa siku mbili au tatu likanywea, lakini kikonyo kina vitumba kadhaa, likifa hili linafunguka lile, kwa hiyo unapata kama wiki mbili za furaha. Wiki mbili kwa mwaka. Wiki hamsini zilizobaki unatazama majani.

Kwetu ua ni harufu kwanza. Asumini la kuweka kwenye kikuba, langilangi chini ya mto. Nilidhani haya ni maua ya macho tu mpaka nilipoinama kwenye moja la buluu iliyopauka likaninukia kama zabibu zilizoiva. Lingine kama limau. Na ile tangawizi yenyewe ya aina fulani, kule Toscana nchini Italia, humenywa, hukaushwa kwa miaka kadhaa, ndipo inapotoa harufu inayotiwa kwenye manukato ya bei kubwa. Ikiwa mbichi haina harufu ya maana, Shangazi alikuwa na haki yake. Kilichonimaliza kabisa ni mzee mmoja mezani aliponiambia kuwa zafarani nayo ni ya ukoo huu. Zafarani! Nimeinunua maisha yangu yote, nimeiloweka kwenye maji ya waridi kwa ajili ya biriani ya harusi, wala sijawahi kujiuliza ni kitu gani cha mmea gani. Kumbe nilikuwa nimeshakula mashemeji wa maua yangu.

Siku ile niliandika majina kumi na saba nyuma ya risiti. Mnada wa chama ulipofika mwisho wa kiangazi nilikuwa mlangoni kabla hawajafungua. Nilitoka na 'Immortality', nyeupe iliyosajiliwa 1982, ambayo mambo yakiwa mazuri huchanua tena vuli. Nikatoka na 'Dusky Challenger' ya 1986, zambarau nzito kama biringanya iliyopakwa mafuta, na 'Before the Storm' ya 1989, ambayo watu huiita nyeusi, na jua likipita nyuma yake unaona ni damu ya mzee. Na 'Beverly Sills', ya waridi laini, imepewa jina la mwimbaji wa opera. Hizi ni za zamani kidogo, zimeshazaana, bei yake ni ya soda na andazi. Zile mpya, mwaka wa kwanza zinapotoka kwa mfugaji, yaani anayezalisha aina mpya, moja hufika dola 50 na zaidi. Nilinunua moja ya bei hiyo, moja tu, na baba watoto aliiona risiti. "Dola hamsini," akasema taratibu, kama anayesoma telegramu, "za tangawizi isiyoliwa." Jina likabaki. Watoto hadi leo bustani ile wanaiita kwa tangawizi.

Nikanunua pia mtandaoni, kwa muuzaji mmoja, airisi nyekundu kama bendera ya chama cha wafanyakazi. Picha ilikuwa nzuri mno. Nikaisubiri misimu miwili, ikachanua rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Wazee wa chama walicheka, si kwa ubaya: airisi nyekundu ya kweli, nyekundu kama pilipili, haipo. Wafugaji wameisaka miaka na miaka, wamepata hudhurungi, wamepata rangi ya matofali, wamepata waridi. Nyekundu ile bado. Anayekuonyesha picha yake anakuuzia picha.

Kufikia 2019 nilikuwa na aina 63. Naliandika hilo kwa aibu. Matuta manne yakawa tisa, mchicha ukakosa pa kukaa, na mie nikawa siangalii tena maua, naangalia daftari. Nina za mwaka huu, sina za mwaka ule, nina zilizopata ile medali ya Dykes, tuzo kubwa kuliko zote za airisi hapa Marekani, bado nakosa sita. Aprili ikifika nilikuwa nakimbia na kalamu kutoka tuta hadi tuta kama karani wa sensa.

Jua la Texas likaja kunisaidia. Vibao vyangu nilikuwa nimeviandika kwa kalamu nene nyeusi, ile inayosemekana haifutiki. Ndani ya viangazi viwili ikafutika. Nikabaki na vibao vyeupe sitini na tatu, safi kama sanda. Ramani nilikuwa nimechora kwenye daftari la hesabu la mwanangu wa kati, naye alikuwa amelikabidhi shuleni likasahihishwe. Lilirudi na alama ya vema kwenye hesabu na alama ya kuuliza kubwa kwenye ukurasa wangu.

Siku hizi naandika kwa penseli, si kalamu, kwenye vipande vya pazia la plastiki la zamani. Penseli haipauki. Kibao kimoja nakizika chini kabisa mwa mmea na kingine naacha juu, na ramani iko mahali pawili. Lakini zile zilizopotea zilipotea. Nilimpelekea mama mmoja mkongwe wa chama picha za moja ya zambarau nikamwomba aniambie ni ipi. Akatazama muda mrefu. Akasema anadhani anaijua, na kwa kuwa anadhani tu hatasema. Airisi zimesajiliwa kwa maelfu mengi tangu chama cha Marekani kilipoundwa mwaka 1920, za zambarau peke yake huwezi kuzimaliza. Ukikisia jina ukampa mtu, naye akampa mwingine, umeshachanganya nasaba za watu. "Iache haina jina," akaniambia. "Haijui kuwa haina."

Basi nikaanza kugawa. Na hapo nieleze mpangilio wa uzazi wao, maana wageni huwa hawaamini. Kila tangawizi moja huchanua mara moja tu. Ikishatoa kikonyo imemaliza, haitachanua tena maisha yake, lakini ubavuni imeshatoa watoto, na hao ndio wataochanua mwaka unaofuata au wa pili yake, kisha nao wanazaa. Baada ya miaka mitatu au minne mama aliyekwisha kazi yuko katikati amekauka kama kigogo na watoto wamemzunguka wakigombea nafasi, wamepandana migongo, na maua yanapungua. Hapo lazima ung'oe wote. Unawavunja kwa mkono, wanalia kama muhogo unavyovunjwa, mama unamtupa, watoto unawakata majani yabaki shibiri moja kama umewanyoa, na unawapanda upya kwenye nafasi. Hapa kwetu kazi hiyo ni ya Septemba na Oktoba, joto kali likishavunjika. Tuta moja likitoa vipande sabini na wewe una nafasi ya kumi, utafanyaje? Nilipeleka msikitini baada ya Ijumaa, nilipeleka kwenye harusi ya Wakenya kule Arlington, nilimpa fundi aliyekuja kutengeneza kiyoyozi. Zimebaki aina 22 na mchicha umerudi.

Waliuliza wengi nyumbani niwabebee. Mama aliuliza kwanza. Huwezi kutia mmea wenye mizizi sandukuni ukapita nao, unahitaji cheti cha afya ya mimea, na hata ungefika, Tanga mjini airisi hizi zitatoa majani tu. Zinahitaji baridi ndipo ziamke kuchanua. Mama akanijibu kuwa hata yeye kama angepewa baridi ya miezi mitatu angechanua kwa kuondokewa nayo. Ukoo huu kwetu una ndugu wengine lakini, watoto wa Afrika Mashariki hasa. Ipo moja nyeupe yenye doa la njano, majani kama panga, inaota porini milimani kwetu, na nimekuta ndugu yake wa Afrika Kusini kapangwa mistari kwenye maegesho ya magari Houston. Hakuna aliyekuwa akimtazama. Nikamtazama mie kwa niaba ya wote.

Februari 2021 ilikuja ile baridi iliyovunja mabomba ya Texas nzima. Usiku wa kuamkia tarehe 16 hapa Dallas tulishuka nyuzi 19 chini ya sifuri. Umeme umekatika, tumelala watano chumba kimoja chini ya mablanketi, kanga na mazulia, baba watoto anaamka kila saa kuwasha gari achaji simu. Asubuhi nilichungulia dirishani. Matuta yalikuwa makaburi meupe tisa. Nikasema yamekwisha, na kwa siku zile sikuwa na nafasi ya kulia airisi, tulikuwa tunayeyusha theluji kwenye sufuria tupate maji ya choo.

Aprili ile nilipata maua ambayo sijayapata kabla wala baada. Airisi zenye ndevu ni watu wa baridi, zilikuwa zimelala, wala hazikusikia. Walioumia ni wale weupe wa Bibi. Wao huwahi, Februari vitumba vimeshapanda, na baridi ikavikuta vimesimama. Vikalainika vyote. Mwaka ule peke yake, tangu nimjue, uwanja wa Bibi haukuwa na shuka hata moja. Alikuwa amekaa barazani na koti lake ananiambia mama yake alisimulia mwaka kama huo, na mwaka uliofuata zilirudi. Mwaka uliofuata zilirudi. Yeye alikuwa ameshalazwa nyumba ya wazee, nikampelekea kumi kwenye chupa ya maziwa.

Ni baada ya hapo nilipotaka kujua zile nyeupe hasa ni nini. Kwa miaka sita nilikuwa nazihesabu kama airisi za kimaskini, zisizo na jina, zisizo na medali, fupi, zinazoota hata kwenye mitaro. Nikazipeleka kwenye chama. Yule mzee aliyeniambia habari ya zafarani akageuza ua mara mbili tu. Akasema hii ni Iris albicans, na kwao Yemen na Uarabuni.

Nikadhani sikusikia vizuri.

Ni ua la makaburini, akasema. Waislamu tangu zamani walilipanda juu ya makaburi, na kila walikokwenda lilikwenda nalo, pwani zote za bahari ya Mediterania mpaka Hispania. Sasa limejaa makaburi ya zamani ya Kusini mwa Marekani, ya weupe na ya weusi, na wenyewe wanaliita ua la makaburini bila kujua lilianzia makaburi ya nani. Na halizai. Halitoi mbegu kabisa, sawa na zafarani isivyotoa. Nyuki hawezi kulisambaza, ndege hawezi, upepo hauwezi. Kila shina lililopo hapa Texas, mtu alilichimba, akalibeba, akalipanda kwa mkono, na kabla yake mtu mwingine, nyuma hivyo hivyo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa huko huko Yemen. Alifika Tanga kijana, akauza kahawa na kashata kwa miaka arobaini. Amezikwa pale pale mjini, na kaburini kwake tunamwaga maji na kuchomeka kijiti cha mrehani. Nilimpigia mama usiku ule, kwake kumekucha, nikamweleza. Alinyamaza muda, nikadhani mtandao umekata. Kisha akaniuliza kama lina harufu. Nikamwambia kidogo, uinamie. "Baba naye alikuwa haombi marashi mengi," akasema.

Bibi alifariki mwaka jana. Binti yake anauza nyumba, aliniruhusu nichimbe nipendavyo kabla mnunuzi hajaja na mashine ya kukatia nyasi. Nilichimba mabeseni matatu, na nimezipanda kwenye kile kipande cha karibu na uzio, kwenye tuta la mbele kabisa, mbele ya zile za dola hamsini.

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kikongo wa Fort Worth, tunayejuana msikitini, alinipigia. Mumewe kazikwa mwezi wa nane, makaburi madogo nje ya mji, ardhi nyeusi tupu, na msimamizi kamruhusu apande kitu kifupi. Alikuwa amesikia kwamba natoa maua bure. Nilimtilia vipande kumi na viwili kwenye mfuko wa dukani, nikamkatia majani, nikamwambia jambo moja nikalirudia mara tatu: asizizike. Tumbo chini, mgongo nje, kama bata.

Jumamosi asubuhi akanitumia sauti kwenye simu, upepo unavuma nyuma yake. Habari ya bata ameielewa, akasema. Ila bata ana kichwa na ana mkia, na mimi sikumwambia kichwa kielekee wapi.

Nikamjibu kuwa upande wenye majani ndiko inakotembelea. Kila mwaka itasogea kidogo upande huo, basi aelekeze anakotaka iende.

Picha ilinifikia baada ya adhuhuri. Vipande kumi na viwili, migongo nje, na majani yote yamekatwa shibiri moja, yanatazama kaskazini mashariki.